Binti yangu kapimwa damu ya ubongo kwa MRI bila sindano, wakapata 118. Ni nzuri au mbaya?

MamaZahra (Leicester)

Assalaam aleikum na habari zenu wote. Nivumilieni, sijui kuandika kwa kifupi.

Binti yangu ana miaka 9, ana selimundu, sikoseli kama tunavyosema kwetu Tanga. Kila mwaka hapa wanampima kichwa kwa kile kifaa cha kubandika pembeni mwa paji la uso, kinalia fwuu, fwuu, fwuu kama upepo wa baharini. Mwaka huu kasi ilikuwa 162, wakasema iko chini ya 170, hamna wasiwasi. Nikashukuru Mungu.

Baada ya hapo akaja dada mmoja wa utafiti akaniomba Zahra akapigwe MRI ya kupima damu inayoingia kwenye ubongo. Nikauliza kabla ya kitu chochote: kuna sindano? Maana mishipa ya mtoto huyu imechoka, wakimtafuta mshipa wanamchoma mara nne, na mimi ndiye ninayemshika mikono. Akasema hamna hata moja. Nikatia saini.

Siku yenyewe nilikaa naye ndani, masikio nimeyaziba. Shanga za nywele zote zilibidi zitoke kwa sababu nyingine zilikuwa na vishikizo vya chuma, jioni nzima ya Jumapili ikapotea hivyo hivyo. Yeye akawekewa katuni, akalala kama sultani, dakika 40.

Tulipotoka yule dada akanionyesha picha kwenye kioo cha kompyuta. Ubongo wa mwanangu una rangi kama embe dodo lililoiva upande mmoja, nyekundu, njano, pembeni kijani na buluu. Pale kwenye kona pameandikwa 118. Nikamuuliza, hii ni nini, akasema ndiyo wastani wa damu inayopita, na ni ya juu. Nikamuuliza ya juu ni nzuri? Akatabasamu, akasema daktari atanieleza. Daktari ni baada ya wiki tatu! 118 nimeiandika nyuma ya tiketi ya basi, naitazama kila siku.

Bibi yake kule Tanga nilipompigia akasema alhamdulillahi, damu ni uhai, nyingi ni bora kuliko kidogo. Sikuwa na la kumjibu. Damu yake Zahra siku hiyo ilikuwa 7.4.

Basi maswali yangu mawili. Wamepimaje bila kumchoma wala kumnywesha dawa yoyote? Na 118 nifurahi au nilie?

MzeeWaRozela

Pole mwanangu. Damu nyingi kichwani ndiyo presha hiyo. Mpunguzie chumvi, mchemshie rozela asubuhi na jioni, usimpe nyama nyekundu. Hawa wazungu watakuchanganya na mashine zao.

FundiSumaku (Muscat)

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo hapana. Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mshipa. Alichopimwa Zahra ni kiasi cha damu kinachofika kwenye nyama ya ubongo kwa dakika. Mtu anaweza kuwa na presha ya kawaida kabisa na mtiririko ukawa mara mbili ya wa jirani yake. Rozela anywe tu, tamu.

Mama Zahra, waaleikum salaam. Mimi mtu wa Unguja, niko Muscat mwaka wa kumi na moja napiga picha za MRI. Huku selimundu ni ugonjwa wa kila mtaa, kama kwetu pwani, kwa hiyo watoto wa aina ya Zahra ndio wateja wangu wa kila wiki. Mimi si daktari, daktari wako utamsikiliza yeye. Lakini mashine naijua.

Kwanza nikuulize. Mle ndani ulisikia mlio mwembamba kama nyenje, *zzzzz*, chini ya sekunde mbili hivi, halafu kimya kidogo, halafu *ga-ga-ga-ga* ya nguvu, halafu nyenje tena? Na ikajirudia hivyo dakika nne, tano? Kama ndiyo, basi umesikia kila kitu kwa masikio yako, ni kukuelezea tu.

Damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ndani ya kila chembe ya maji mna viini vya haidrojeni, na kila kiini ni kama sumaku ndogo. Ukimwingiza mtu kwenye mashine, sumaku hizo hujipanga kufuata sumaku kubwa. Sasa wakati nyenje analia, mawimbi ya redio yanapigwa shingoni, mahali pamoja pembamba kama ukanda, pale inapopita mishipa minne inayopanda kichwani, miwili ya mbele na miwili ya nyuma. Damu yoyote inayokatiza ukanda ule, sumaku zake zinageuzwa kichwa chini miguu juu. Hapo imekwisha tiwa alama. Hakuna kilichoingizwa mwilini, ni maji ya Zahra mwenyewe yaliyopinduliwa.

Kile kimya ndio tunaisubiri damu ipande. Kwa watoto tunasubiri kama sekunde 1.5, kwa mtu mzima 1.8, kwa wazee na wagonjwa tunafika 2. Halafu *ga-ga-ga* ni kupiga picha ya ubongo. Mara ya pili tunafanya yale yale lakini bila kuipindua damu. Tunachukua picha moja tunaitoa kwenye nyingine. Nyama ya ubongo, mifupa, ngozi, vyote vimo kwenye picha zote mbili, vinafutana. Kinachobaki ni damu iliyofika kutoka shingoni.

Mwanangu aliniuliza kazi yangu ni nini, nikamwambia: chukua daladala zote zinazotoka Mwanakwerekwe, kila abiria mpake wino kidoleni, kisha nenda Darajani baada ya dakika ishirini uhesabu vidole. Siku ya pili usimpake mtu. Tofauti ndiyo hesabu. Akasema baba, si uwaulize tu wanatoka wapi. Sawa, lakini damu haisemi.

Ugumu uko kwenye wino wenyewe. Huu si ule wa kura ukae wiki nzima. Kwenye mashine ya tesla 3 (ndiyo nguvu ya sumaku yake) alama ya damu inafifia kwa muda wa sekunde 1.65 hivi, yaani ukisubiri muda huo imebaki theluthi na kidogo tu. Ukipiga picha mapema, damu bado iko kwenye mishipa mikubwa, utaona kamba nyekundu na huku nyama haijapata. Ukichelewa, damu imefika lakini alama imekufa. Na hata ukilenga vizuri, tofauti ya picha mbili ni asilimia 1 ya mwanga wote, mara nyingi haifiki. Ndio maana tunarudia jozi kwa jozi tukatafuta wastani, na ndio maana tunawaomba watoto wasitikisike. Zahra kukaa kimya dakika tano na katuni yake ndiyo kazi kubwa iliyofanyika siku ile, kuliko yetu sote.

Njia hii inaitwa ASL, kwa Kiingereza arterial spin labelling, yaani kutia alama damu ya ateri. Wakina John Detre, Donald Williams na Alan Koretsky waliionyesha mwaka 1992, kwa panya. Kabla ya hapo, na mpaka leo mahali pengi, tunachoma sindano ya gadolini, kontrasti, tunaitazama inavyopita kichwani na kuitia picha giza. Ni ya haraka, kwa mtu aliyeanguka na kiharusi usiku naichagua hiyo bila kufikiri. Lakini kwa mtoto wa kurudiwa kila mwaka, na mishipa yenyewe uliyoieleza, hapana. Na ungekwenda nyuma hadi miaka ya 1940 usingetia saini hata kidogo: Seymour Kety na Carl Schmidt kule Marekani walimvutisha mtu gesi ya naitrasi oksidi, sindano moja kwenye ateri na nyingine kwenye mshipa mkubwa wa shingoni chini ya sikio, wakachota damu huku na huku wakalinganisha. Wakapata, kwa vijana wazima, mililita 54 kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika moja. Ilichapwa mwaka 1948. Kizio hicho ndicho kilichomo kwenye 118 yako.

Sasa 118. Mtu mzima wastani ni 50 hivi. Mtoto ana zaidi, kuna umri wa miaka mitano, sita, saba ambapo ubongo unakunywa damu karibu mara mbili ya mtu mzima kisha unashuka polepole. Kwa hiyo usimlinganishe Zahra na 54 ya wale vijana. Tuseme mtoto wa umri wake asiye na selimundu ana 75. Ni mfano wangu wa hesabu, usimpelekee daktari.

Kalamu unayo? Ubongo hauli damu, unakula oksijeni. Gramu moja ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye damu 12.5, yaani gramu za hemoglobini katika kila mililita 100, ikijaa oksijeni kwa asilimia 98, anabeba kama 16.4 katika kila mililita 100. Zahra, kwa 7.4 na kujaa kwa asilimia 95, anabeba 9.4. Zidisha kwa mtiririko:

Mtoto mwingine: 75 × 16.4 ÷ 100 = 12.3
Zahra: 118 × 9.4 ÷ 100 = 11.1

Unaona? Damu imekuwa nyingi, oksijeni iliyofika haijazidi, tena imepungua kidogo. Ni kama nyumba ambayo maji ya bomba yamekuwa membamba, basi mwenye nyumba kafungua mabomba yote mpaka mwisho ndoo zijae. Ndoo zimejaa, ndiyo. Lakini siku ya harusi wakija watu mia hana bomba jingine la kufungua. Kwa Zahra siku ya harusi ni homa, malaria akija likizo Tanga, au damu kushuka ghafla mpaka 5.

Kwa hiyo mwambie bibi yake damu ni uhai kweli, ila hii ni damu inayokimbia kwa sababu kila dumu limebeba nusu.

MamaZahra

Kaka FundiSumaku, Mungu akujaze. Nyenje!! Nilidhani mashine imeharibika. Zzzz, kimya, gagaga, hivyo hivyo mpaka nikaanza kuhesabu, nilifika 58 nikapotea.

Hesabu nimeifanya mara mbili kwenye karatasi, imetoka. Halafu nikakaa jikoni nikanyamaza. Miaka tisa naambiwa "damu yake 7, ni kawaida yake". Nilikuwa naelewa kawaida maana yake hamna shida. Kumbe kichwa kinafanya kazi ya ziada usiku na mchana ili iwe kawaida.

Naomba nielewe kitu kimoja. Kama kifaa cha fwuu fwuu kilisema 162 na ni sawa, na MRI inasema 118 ni ya juu, nani mkweli?

BabaIkram (Dar es Salaam)

Dada, hilo nalijua kwa sababu wangu naye, miaka 12, amepita huko. Wote wakweli, wanapima vitu viwili. Fwuu fwuu inapima *kasi* kwenye mshipa mkubwa, sentimita kwa sekunde. MRI inapima *kiasi* kinachofika ndani. Ukibana mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole, maji yanaruka mbali, kasi imepanda, lakini ndoo haijai haraka zaidi. Mshipa ulioanza kuziba unafanya hivyo hivyo.

Zile 170, mwisho wa kawaida, na 200, mwanzo wa hatari, hazikutoka hewani. Kule Marekani walichukua watoto 130 wenye kasi ya 200 na kuendelea, wakawagawa makundi mawili, moja likaongezewa damu kila mara, jingine likaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Kundi la kuongezewa damu lilipata kiharusi mtoto mmoja. La pili, 11. Wakasimamisha jaribio kabla ya muda wake, nani angeendelea? Tangu hapo kifaa kile kidogo kimeokoa watoto wengi kuliko mashine kubwa zote. Na kinabebeka mkononi. Ikram anapimwa nacho hapa hapa Dar, hakulala kwenye tundu lolote.

Na haidroksiurea, ile dawa ya selimundu, anakunywa? Mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine, watoto waliokuwa wameongezewa damu angalau mwaka mmoja, na mishipa yao haijaharibika sana, walihamishiwa kwenye haidroksiurea na kasi zao hazikupanda. Kwetu sisi ambao chupa ya damu ni kutafuta ndugu wa kuchangia hiyo ilikuwa habari kubwa. Ikram damu ilitoka 6.8 ikafika 8.9. Shule hakosi kama zamani, ila kidonge cha asubuhi bado tunagombana.

NdemiFizikia (Nairobi)

Hamjambo. Mimi nasomea fizikia ya tiba hapa Nairobi, na thesis yangu iko karibu na mambo haya, kwa hiyo FundiSumaku aniwie radhi, ameeleza vizuri kuliko mwalimu wangu, lakini kuna mahali ameteleza na ni mahali penye maana kwa Zahra.

Ile sekunde 1.65 ya alama kufifia ni ya damu ya mtu mwenye chembe nyekundu za kutosha. Alama hufifia haraka zaidi chembe zikiwa nyingi. Damu nyepesi kama ya Zahra huishika alama kwa muda mrefu zaidi. Yaani wino wake haufutiki upesi! Sasa kompyuta ya mashine, isipoambiwa, inadhani wino umefutika kama wa watu wote, kwa hiyo vidole inavyoviona inavizidisha ili kufidia waliofutika. Jibu linatoka kubwa kuliko ukweli.

Nimeipiga kwenye kikokotoo. Tuseme walitia alama kwa sekunde 1.8, wakasubiri 1.5, na kompyuta ikatumia 1.65. Kama damu ya Zahra kwa kweli ni 1.85, ile 118 inashuka hadi 102. Rudia hesabu ya Fundi: 102 × 9.4 ÷ 100 ni 9.6, si 11.1. Pengo na yule mtoto wa 12.3 limekuwa kubwa.

Lakini usianze kulia, kwa sababu kuna kosa lingine linavuta upande wa pili. Damu inayokimbia sana shingoni haipinduliwi yote, nyingine inakatiza ule ukanda kabla haijageuka. Hapo abiria wamepita bila kupakwa wino na hesabu inatoka ndogo kuliko ukweli. Kwa watoto wa selimundu makosa haya mawili huishi pamoja, ndiyo maana watafiti makini hupima pia mtiririko moja kwa moja kwenye ile mishipa minne ya shingo, kwa aina nyingine ya picha ya MRI isiyohitaji wino wowote, halafu wanasawazisha. Uliza kama walifanya. Katika dakika 40 nina hakika nafasi ilikuwepo.

Kwa hiyo kwa daktari usiulize "118 ni nzuri au mbaya?" Uliza: "Mlipokokotoa 118 mlitumia damu yake ya siku ile au ya kitabu?" Utaona atakavyokaa vizuri kwenye kiti.

Kando kidogo, kitu kinachonifurahisha kila nikikikumbuka: mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba hemoglobini ikiwa na oksijeni na ikiwa haina, hujibu sumaku kwa namna mbili tofauti. Mwaka 1990 Seiji Ogawa akalitumia hilo kuonyesha mabadiliko ya oksijeni ya damu ya ubongo kwa MRI. Na huyo huyo Pauling, pamoja na wenzake, ndiye aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba selimundu inatokana na hemoglobini iliyo tofauti. Mtu mmoja, ncha zote mbili za swali la Mama Zahra.

FundiSumaku

Ndemi, nimepigwa na nimekubali. Kweli kwenye mashine yetu 1.65 imo ndani ya programu na ukitaka kuibadili lazima ukokotoe nje. Nimekuwa nikiwaandikia madaktari namba za watoto hawa miaka mingapi... Kesho naanza kuandika HB, yaani hemoglobini, pembeni ya kila picha, angalau ajue anayesoma.

Lakini na mimi niongeze la jikoni, kwa sababu Mama Zahra ataonyeshwa picha tena na asishtuke. Usiku mmoja, zamani, kabla sijawa mzoefu, nilimpiga picha baba mmoja aliyeletwa kwa kuumwa kichwa. Picha ikatoka nusu ya ubongo imeng'aa na nusu nyeusi kama kaa la mkaa. Nikapigwa na baridi. Nikampigia daktari, akaja mbio na viatu mkononi. Yule baba kakaa kitandani anauliza kama anaweza kwenda nje kuvuta sigara, mikono yote inafanya kazi, mdomo umenyooka. Nusu ya ubongo haina damu na mtu anaomba kiberiti! Tulipomtazama vizuri, upande ule ana kazi kubwa ya chuma mdomoni. Chuma kilivuruga sumaku pale pale shingoni tunapotia alama, mshipa mmoja haukupinduliwa. Damu ilifika, ila haikuwa na wino. Tangu siku ile naangalia meno kabla ya kitu kingine. Kwa hiyo zile shanga za Zahra, dada yangu, usione uchungu.

Na kuna udhaifu mmoja mkubwa wa njia hii ambao watu wa utafiti wanaujua ila hawawaambii watu kwenye kioo chenye rangi nzuri. Yale makovu madogo ya kiharusi kisicho na dalili, ambayo watoto wengi wa selimundu wanayo bila kuanguka wala kupooza (wengine kabla hata ya kuanza darasa la kwanza), yanapenda sehemu nyeupe ya ndani ya ubongo, pale mishipa miwili inapokutana miisho yake. Ni kama shamba la mwisho kwenye mfereji, maji yakipungua ndilo linalokauka kwanza. Na ASL ndiyo hapo inapoona vibaya, kwa sababu damu inafika kwa kuchelewa na ni kidogo, alama imeshafifia. Ile 118 kwa vyovyote imetoka zaidi kwenye sehemu ya kijivu ya juu. Kwa makovu yenyewe wanatazama picha ya kawaida ya MRI, ambayo nayo lazima walipiga siku ile ile. Uliza na hiyo. Ni muhimu kuliko rangi.

Siku ya kurudia asinywe soda ya kola wala chai ya rangi asubuhi. Kahawa kali inaweza kumpunguzia mtu mzima mtiririko hata robo nzima, na utabaki unajiuliza dawa imefanya nini kumbe ni kikombe.

MamaZahra

Jamani nimerudi. Samahani kwa kimya, tulikuwa na wiki ya maumivu ya mguu, tukalala hospitali siku mbili, sasa mzima, anaruka kwenye kochi.

Daktari tumemwona jana. Nilikwenda na karatasi. Nilipouliza "mlitumia damu yake ya siku ile au ya kitabu?" alinitazama, akamtazama yule dada wa utafiti, yule dada akasema 118 ilikuwa ya haraka ya mashine, hesabu kamili wameifanya baadaye na HB yake, na ya shingoni walipima pia. Ndemi, alikaa vizuri kwenye kiti kama ulivyosema! Namba iliyosahihishwa ni 105. Ni juu bado. Akasema ni ya utafiti, hawatambadilishia matibabu kwa namba hiyo peke yake, na nimeelewa kwa nini.

Picha ya kawaida: kuna nukta moja ndogo upande wa kushoto mbele, sehemu nyeupe, kama Fundi alivyosema. Haikuleta dalili. Nilijiandaa nisilie, nikalia. Akasema ni ndogo, hawajui ni ya lini, watairudia kutazama kama inaongezeka. Alinionyesha kwa kalamu. Ingekuwa peke yangu ningeiona kama vumbi la kioo.

Haidroksiurea alikuwa anakunywa, Baba Ikram, ila kumbe kipimo kilikuwa cha uzito wake wa miaka miwili nyuma. Kimepandishwa. Damu itapimwa kila baada ya wiki nne, hapo sindano hatuna pa kuikimbilia. Na mwalimu wake ataandikiwa barua, kwa sababu Zahra hesabu za kichwa zimekuwa zikimchosha na mimi nilikuwa namwita mvivu. Hilo nitaongea naye mwenyewe.

Bibi nimempigia. Nimemweleza madumu nusu, mabomba, harusi. Akanyamaza, akasema, "Basi mkija likizo mje na vyandarua vyenu, na asicheze juani." Halafu akauliza kama mashine hiyo inapima na magoti.